Tuende Lamu Mwaka Huu?

Jumamosi, Desemba 12, 2020

Ofisi ya basi imetushikia viti hadi Jumanne jioni. Pesa hatujalipa bado. Karani kasema ikifika Jumatano hajaona kitu atawapa wengine, maana wiki ya Krismasi kila mwenye kwao Malindi au Lamu anataka kurudi, na mabasi yametakiwa yabebe abiria wachache kuliko kawaida kwa sababu ya korona.

Kwetu sisi likizo ya Disemba ni Lamu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama tutaenda. Kinachoulizwa ni siku gani. Mwaka huu kila mtu nyumbani ana jibu lake. Watoto wanataka kuondoka hata kesho, kwa kuwa tangu shule zifungwe Machi wamekaa humu ndani, na Januari 4 zinafunguliwa. Mume wangu anasema Mombasa yetu hii ilifungwa Aprili 8 ikafunguliwa Julai 7, serikali yenyewe imeruhusu, na watu wanapanda magari kila siku. Ninayesita ni mimi, na mwenye shangazi huko ni mimi.

Safari yenyewe naijua vituo vyake vyote. Basi huondoka alfajiri, bado kiza. Tukifika daraja la Kilifi jua ndio linatoka, watoto wote wanahamia upande wa kulia kuiona bahari. Malindi tunashuka tunakunywa chai na mahamri. Kuanzia hapo nchi inabadilika: joto kavu, mbuga, ng'ombe wa Waorma, hadi Garsen kwenye daraja la mto Tana, ambapo wauza maembe huinua ndoo zao hadi madirishani. Disemba ndio msimu wake, na embe la Tana halihitaji kusifiwa. Kisha vizuizi: shukeni, vitambulisho mkononi, pangeni mstari, pandeni, gari la askari mbele yetu kwa sababu ya usalama wa njia ile. Witu. Hindi. Mokowe, na harufu ya bahari tena. Hapo barabara inakwisha, mizigo inatupwa kwenye boti, na baada ya muda mfupi mji wa Lamu unaanza kuonekana, majahazi mbele na punda ufukoni.

Nimeitaja njia yote kwa sababu mume wangu leo alinipangia namna ya kujikinga kituo kwa kituo. Madirisha tufungue. Barakoa nitashona mimi mwenyewe, za kitambaa cha tabaka mbili, maana tangu Aprili cherehani yangu haijashona kingine sana. Chai ya Malindi tuichukue kwa chupa. Kila alilosema lilikuwa sawa, nami nikaitikia kila moja.

Lakini hofu yangu haiko barabarani. Iko mlangoni kwa Shangazi.

Ukifika pale huingii hivi hivi. Anakushika mkono kwa mikono yake miwili, anauvuta hadi midomoni, kisha anakukumbatia na kukunusa shingoni, na ndipo akuulize habari za walio Mombasa, mmoja mmoja kwa jina. Halafu anakupachika kikuba alichokifunga mwenyewe, asumini na rehani na kipande cha mkadi, vimekazwa kwa uzi mweupe aliouuma kwa meno ya mbele. Watoto anawapakata hata waliokwisha kuwa warefu. Chakula ni sinia moja, na samaki anayameza macho kwanza, anatafuta miba kwa vidole vyake, anakumegea na kukuwekea upande wako. Usiku tunalala sote kwenye ukumbi ule mrefu, mwembamba, wa kuta nene zisizo na madirisha upande wa njia.

Nani atamwambia asitushike? Na tukimzuia, tutakuwa tumekwenda kufanya nini?

Shangazi amepita miaka 70, ana sukari na presha. Amepiga simu baada ya Isha. "Mwanangu, ndooni. Nshawatandikia." Nikamwambia tunajipanga, inshallah.

Jumapili, Desemba 13

Nimevuka feri ya Likoni kwenda Mtongwe kumwona Ami, ndugu wa baba. Ndiye mkubwa wetu aliyebaki, na jambo la safari huwa simalizi kabla ya kumsikia.

Kivukoni kuna mabomba ya kunawia na sauti inayotukumbusha tuachiane nafasi. Mlango ukifunguliwa watu wanateremka wote pamoja kama siku zote, kwa kuwa feri haimsubiri mtu na kazi haimsubiri mtu. Upande wa kulia linaonekana daraja jipya la miguu, limelala juu ya maji kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, na wengi walikuwa wakiliangalia kwa matumaini. Kila nikipita hapa naikumbuka jioni ya Machi 27, siku ya kwanza ya kafyu, watu wakikimbilia kuvuka kabla ya saa moja na polisi wakiwatwanga marungu na kuwarushia mabomu ya machozi. Watu waliokuwa wakihimizwa wasikaribiane waliishia kulala chini kifudifudi, bega kwa bega. Sitaisahau.

Ami alinikalisha mwisho wa baraza, yeye mwisho mwingine.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Kaa papo hapo, usione vibaya."

Alikuwa baharia wa meli za mizigo miaka mingi. Nilipomaliza kumweleza, hakunijibu habari ya Lamu. Alinieleza habari ya bendera ya manjano. Meli ikitoka ng'ambo hupandisha bendera hiyo ikifika karibu na bandari, iwe ina mgonjwa, iwe haina. Ni ya kuomba ruhusa. Wanaiita meli safi, lakini usafi wake hautoshi kusemwa na nahodha. Mpaka watu wa afya wa bandari waridhike, hakuna anayeshuka.

"Tuliwahi kutia nanga nje, mji tunauona taa zake, adhana tunaisikia, na hatushuki. Hatukuwa wagonjwa. Lakini mwenye mji ndiye aliyekuwa na haki ya kujua."

Nikamuuliza: sasa mimi nitapandisha bendera gani kwa Shangazi? Akasema, "Siku zako za kungoja ndizo bendera."

Hilo nimerudi nalo kwenye feri. Wataalamu wanasema virusi hivi vyaweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya dalili, wengi wao siku 5 au 6, na wapo wanaoambukiza wenzao wakiwa hawajakohoa hata mara moja. Ili niingie kwa Shangazi nikiwa na hakika, nyumba yangu nzima ingepaswa kujifungia wiki mbili kwanza. Mume wangu anaingia bandarini kila asubuhi na mamia ya watu. Mimi napokea wateja dukani. Leo hii nimetoka kusukumwa na watu wa Likoni wote. Bendera hiyo hatunayo.

Jumatatu, Desemba 14

Nilikwenda Biashara Street kumtafutia Shangazi leso, yaani kanga, nikajiambia leso haina hasara, tukienda tutakwenda nayo, tusipokwenda itatumwa. Nilichagua ya rangi ya zambarau na nyeupe. Jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, silisemi hapa, ni la kwake.

Kutoka hapo nikapita Mji wa Kale. Mei 6 mtaa huu ulizibwa, kuingia na kutoka hakuna, siku moja na Eastleigh ya Nairobi. Nina rafiki tuliyekuwa tukiongea kwa simu naye yuko umbali wa kutupa jiwe. Sasa vijia viko wazi, lakini maduka ya vinyago mengi bado yamefungwa, na yaliyofunguliwa mwenyewe amekaa nje anatazama njia.

Mbele ya Ngome ya Yesu alinisimamisha kijana anayetembeza wageni. Kitambulisho chake cha kazi kimening'inia shingoni, plastiki yake imefifia kwa jua. Akanisalimia kwa Kiingereza kwanza. Nilipoitikia wa aleikumu salaam tukacheka wote. Akasema ndege za nje zilisimama Machi, zikarudi Agosti mosi, lakini waliorudi nazo ni wachache mno, na meli za watalii ndio hazionekani kabisa. "Wageni wangu sasa ni nyinyi wenyeji, mama. Na nyinyi mkikaa nyumbani kwa hofu, mimi nile nini?"

Swali hili sikulipuuza, na sipendi wanaolipuuza. Kusafiri kwetu ni riziki ya mtu. Yule wa maembe Garsen, nahodha wa boti Mokowe, mwenye punda anayetubebea mabegi, wote mwaka huu wamepitisha miezi mitupu. Mwenye mshahara akisema "tukae nyumbani" akumbuke nani anayelipa gharama ya kukaa kwake. Kwa hiyo nilimwambia anitembeze. Nimezaliwa mjini hapa na ngome nimeingia tangu nikiwa mwanafunzi, lakini nilimlipa kama mgeni na nikamsikiliza kama mgeni.

Naye alinilipa zaidi ya nilichompa. Tulikuwa tumesimama juu, upande unaotazama mlango wa bahari, akanisimulia mazingiwa ya 1696 hadi 1698, Waomani nje, Wareno ndani. Hiyo naijua, ngome imejengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikaja kutekwa Desemba 1698. Nililokuwa nimelisahau ni kwamba Wareno wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, wamebanana ndani ya kuta hizo. Meli za kuwaokoa zilileta chakula na watu, na watu hao nao wakaugua. Ilifika wakati katika mwaka 1697 Wareno karibu wote wamekwisha, na aliyeshika ngome ni Bwana Daud wa Faza, akiwa na watu wake na Waafrika wachache, wanawake wengi miongoni mwao.

Faza iko kisiwa cha Pate, kule kule kwetu, mbele ya Lamu. Nilishuka Ndia Kuu nikimfikiria mtu huyo ametoka nyumbani kwake akaja Mombasa, akajikuta ndani ya ngome yenye ugonjwa, na hakuna mlango. Na nikawafikiria wale waliokuja kuokoa. Walikuja kwa nia njema.

Jumanne, Desemba 15

Nilifika ofisi ya basi saa tisa, pesa ziko mkobani. Nilitaka kuona kwa macho kabla ya kulipa. Lilikuwepo basi linalopakia abiria wa Malindi. Viti vilivyopigwa alama ya msalaba visikaliwe vimekaliwa, barakoa ziko videvuni, na makanga anawaambia watu wasogee ndani. Nilimuuliza karani kama la Lamu litakuwa hivi. Akaniambia kwa upole, "Mama, mafuta hayajapungua bei kwa sababu ya korona." Simlaumu yeye. Lakini pesa sikuzitoa.

Jambo la pili liliniamulia zaidi. Wauguzi na maafisa wa kliniki wamegoma tangu Jumatatu ya wiki jana, Desemba 7, na madaktari wametoa ilani kuwa watawafuata tarehe 21. Wanadai vifaa vya kujikinga, bima na haki zao, na wenzao wamekufa kazini, nami niko upande wao. Kenya imepita wagonjwa wa korona 90,000 waliothibitishwa, waliofariki zaidi ya 1,500. Sasa chukua mzee mwenye sukari, kisiwani, apate shida ya pumzi usiku wiki ya Krismasi. Safari yake ya hospitali kubwa inaanzia kwenye boti, kisha Mokowe, kisha njia ile yote niliyoieleza Jumamosi, aje kufika Mombasa kwenye wodi zisizo na wauguzi. Njia ninayoipenda mimi ikiwa safari ya likizo ndiyo njia hiyo hiyo atakayobebwa nayo.

Mume wangu aliporudi kazini nilimweleza. Alinyamaza, akanawa, akala. Kisha akasema, "Mpigie wewe. Mimi sitaweza." Hapo nikajua naye alikuwa amekwisha kufika nilipofika.

Nilimpigia Shangazi baada ya Magharibi. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoka. Nikamwambia hatuji. Nikamwambia sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwaka ujao wauahidi wewe, mwanangu. Mimi sina ahadi nao."

Sikuwa na jibu, na hadi sasa ninavyoandika sina. Ndiyo shida ya uamuzi huu ambayo sijaisikia ikitajwa kwenye taarifa ya habari. Kwa sisi kuahirisha ni kungoja. Kwa mtu wa umri wake kila Disemba ni sehemu ya kilichobaki. Tunapomkinga na maradhi tunamnyima watu wake, na hakuna kipimo cha kuonyesha lipi kati ya hayo linamdhuru zaidi. Nimechagua nikijua hivyo. Ningeulizwa tena leo usiku ningechagua hivyo hivyo, kwa sababu upweke wake naweza kuupunguza kesho na keshokutwa, na mapafu yake siwezi kuyarudisha.

"Haya, mwanangu," akasema, akakata. Hakuniombea dua. Shangazi hajawahi kukata simu bila dua.

Alhamisi, Desemba 17

Halua nimenunua ya moto, ile nyeusi ya zafarani anayoipenda, imetoka karaini mbele yangu; fundi aliivuta kwa mwiko mrefu, mafuta ya samli yanang'aa pembeni, akaipakua kwenye kopo na kunikatia kipande nionje. Nimefunga pamoja na leso, dawa zake za miezi mitatu, na barua aliyoandika mwanangu wa kike. Mzigo umepanda basi la leo. Nauli tuliyoiweka ya watu wote tumeigawa: sehemu nimemtumia kwa M-Pesa, sehemu nimemtumia nahodha wetu wa boti, ambaye tunamjua miaka na ambaye angetuvusha. Alipiga simu kuuliza kama nimekosea namba.

Ijumaa, Desemba 18

Watoto wamenuna siku tatu. Leo baada ya Alasiri tukawapeleka Mama Ngina, mahali pa wazi, upepo unapita, mtu akikohoa hewa inachukua. Tulikula mihogo ya kukaanga ikiwa na ndimu na pilipili, na madafu, tukiketi mbali na wengine chini ya mibuyu. Meli kubwa ya makontena iliingia kupitia mlango wa Kilindini karibu nasi kiasi cha kuwaona watu juu yake. Mwanangu wa kiume akauliza kama ina ile bendera ya Babu, ndivyo wanavyomwita Ami. Tukaitafuta wote. Lakini ilikuwa imeshatupita, na kwa umbali ule hatukuweza kutofautisha rangi.

Haikuwa Lamu, na sikuwadanganya kuwa ni sawa na Lamu. Mkubwa aliuliza kama Shangazi amekasirika. Nikamwambia ndiyo, na ana haki. Saa mbili tulikuwa nyumbani, kafyu saa nne.

Jumapili, Desemba 20

Simu ya Shangazi imeingia asubuhi. Hakuanza na habari ya halua. Alianza kuniambia kuwa jirani yake, mwenye umri wake, alipokea wajukuu kutoka Nairobi wiki iliyopita na sasa nyumba nzima inakohoa. Inawezekana ni mafua tu, hakuna aliyepimwa, lakini watu hawapiti mlango ule. Akasema alikaa siku mbili na hasira, ya tatu akakaa na fikira. Kisha ndipo akaniuliza nani kafunga halua ile, mbona kopo lilivuja kwenye leso.

Nikamweleza nilichosikia redioni, kwamba Uingereza wameanza kuchanja Desemba 8, tena wameanza na wazee. Akauliza na sisi lini. Nikasema siku haijatajwa. Akasema, "Basi tusiingoje hiyo. Tupange yetu."

Tumepanga hivi. Shule zikifungwa Machi, watoto watakaa nyumbani wiki mbili bila kutoka. Mume wangu ataomba likizo ya kazi mapema, nami duka nitalifunga siku hizo hizo. Tutakwenda Aprili, kabla ya Ramadhani kuandama, kwa gari dogo la kukodi la watu wetu tu, hata kama ni ghali na hata kama maana yake ni kukaa siku chache. Tutalala Shela, kijiji cha jirani hapo hapo kisiwani, kwa watu tunaowajua, na kwake tutakuwa tunakwenda mchana, tukae uani penye hewa. Sinia zitakuwa mbili. Hilo la sinia amelikataa mara tatu kabla ya kulikubali, na amekubali kwa sharti kwamba vikuba atavifunga yeye, sisi tutavipachika wenyewe.

Kabla ya kukata ameagiza barakoa, za leso, za tabaka mbili, kumi na mbili, kwa wanawake anaosoma nao darsa. Akaomba dua ndefu kuliko zote, akataja kila mtu. Kitambaa kiko mezani, nimeshakata nne.